Kadi Iliyosimama, Ikalala, Ikasimama Tena

Siku hizi ukiona picha ya kompyuta ya mcheza gemu, karibu lazima utaona kioo. Ubavu mzima wa sanduku ni kioo, ndani taa za kila rangi, na katikati kadi ya grafiki imesimama wima, feni zake zinakutazama usoni. Ukichungulia vizuri chini ya kadi hiyo utagundua jambo: haijachomekwa kwenye ubao mama. Kuna kebo pana, bapa kama mkanda wa suruali, inatoka kwenye sloti ya ubao mama, inajikunja, halafu inaishia kwenye sloti ya pili iliyofungwa kwa skrubu kwenye chuma cha sanduku. Kadi imekaa kwenye hiyo sloti ya pili. Kebo hiyo ndiyo raiza.

Wengi wanaiona raiza kama pambo tu, na sitabisha sana, maana wanaoinunua wengi wanafuata urembo. Ila historia yake haikuanzia kwenye urembo. Imezunguka swali la kifundi ambalo halijaisha mpaka leo: kadi nzito ibebwe na nini, na ukiitenga na ubao mama, ishara zake za umeme zitafika salama? Kwa mwanafunzi aliyeweka akiba mwaka mzima ili anunue kadi moja, hilo si swali dogo.

Turudi mwaka 1981. Mwezi Agosti IBM ilitoa kompyuta yake binafsi ya kwanza, modeli 5150. Lilikuwa sanduku la kulala juu ya meza, na skrini iliwekwa juu yake. Ndani, ubao mama ulilala chini kama mkeka, na kadi zote, ya skrini ikiwemo, zilichomekwa kutoka juu zikasimama wima. Kumbe! Kadi iliyosimama si ubunifu wa kizazi cha taa za rangi. Ndiyo ilikuwa hali ya kawaida. Uzito wa kadi ulishuka moja kwa moja kwenye sloti, kama kitabu kilichosimama kwenye rafu. Na kadi zenyewe hazikuwa ndogo: zile za urefu kamili zilifika kama sentimita 33, ndefu kuliko kadi nyingi za leo. Wahandisi hawakuziacha hivihivi. Upande wa mbele wa sanduku kulikuwa na vishikizo vya plastiki vyenye mfereji, na ncha ya kadi iliteleza ndani yake. Nyuma skrubu, chini sloti, mbele kishikizo. Kadi ilishikwa pande tatu.

Kilichovuruga mpangilio huu ni meza. Sanduku la kulala lilimeza nafasi yote ya kazi, basi watu wakaanza kulisimamisha sakafuni kwa ubavu, na mwaka 1987 IBM yenyewe ikauza PS/2 modeli 60 na 80, zilizoundwa tangu mwanzo zisimame. Miaka ya 1990, Intel ilipokuwa imeleta mpangilio wa ATX (1995), sanduku la kusimama likaenea kila mahali. Ni lile ambalo wengi wetu tumezoea kuliita "CPU", ingawa CPU ni chipu moja tu ndani yake.

Sasa fikiria kilichotokea ndani. Ukigeuza sanduku nyuzi 90, ubao mama unasimama kama ukuta, na kadi zilizokuwa zimesimama zinalala, zimetokeza ukutani kama rafu iliyopigiliwa misumari upande mmoja. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hapakuwa na uzito wa kulalamikia. Kadi ya 3dfx Voodoo ya mwaka 1996 ilikuwa ubao mwepesi usio hata na feni; ungeibeba kwa vidole viwili. Na kwa kuwa kadi nyingi zilikuwa zimeshakuwa fupi, vile vishikizo vya mbele vikatoweka kwenye masanduku ya kawaida. Mtu atengeneze kitu kisichotumika cha nini? Hivyo kadi ikapoteza mshiko wa tatu, kimyakimya, miaka kadhaa kabla haijauhitaji kuliko wakati wowote.

Raiza, kwa upande wake, ilikuwa imeshazaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watengenezaji walitaka kompyuta za ofisi ziwe bapa, na kadi zilizosimama ziliwazuia. Dawa ilikuwa mpangilio ulioitwa LPX: katikati ya ubao mama unachomeka ubao mdogo unaosimama, na ubao huo una sloti ubavuni, kwa hiyo kadi zinalala sambamba na ubao mama. Jina la Kiingereza limetoka hapo, kile kinachoinuka. Seva za kwenye kabati, zile za kimo cha milimita 44.45, zinatumia hila hiyohiyo hadi leo. Lakini hiyo raiza ya mwanzo ilikuwa kipande kigumu cha ubao. Kebo ilikuja baadaye, na ili uelewe kwa nini kebo ni kitu kigumu kuliko inavyoonekana, inabidi tuzungumzie mwendo.

Njia ya mawasiliano ya kadi za zamani, ISA, ilipiga mapigo milioni 8 kwa sekunde, yaani megahezi 8. Pigo moja lilichukua nanosekunde 125. Ndani ya muda huo mwanga unasafiri mita 37 na kidogo. Ukiongeza waya wa sentimita 20 hapo, ishara wala haitambui. Ndiyo maana enzi hizo ungeweza kuvuta mkanda wa nyaya wa kawaida, na kitu kikafanya kazi.

Mwaka 1992 ikaja PCI, megahezi 33, nyaya nyingi zikituma biti 32 kwa mpigo mmoja. Kisha mwaka 2003 ikaja PCI Express, na hapo mambo yalibadilika kabisa. Badala ya nyaya nyingi kwenda pamoja kwa hatua moja kama gwaride, kila njia sasa ni jozi mbili za nyaya: jozi ya kwenda na jozi ya kurudi. Ndani ya jozi, waya mmoja hubeba ishara na mwenzake hubeba kinyume chake, na mpokeaji husoma tofauti baina yao. Kelele ikiingia huingia kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, na kwenye kutoa hiyo tofauti inajifuta. Hila nzuri mno. Kadi ya grafiki hutumia njia 16, kwa hiyo jozi 32 zinakimbia bega kwa bega.

Kizazi cha kwanza kilikwenda biti bilioni 2.5 kwa sekunde kwa kila njia. Cha tatu, viwango vyake vilipotoka mwaka 2010, kilifika bilioni 8. Piga hesabu: biti moja inachukua pikosekunde 125. ISA ilikuwa nanosekunde 125. Mara 1,000 kamili. Cha nne, mwaka 2017, kikaongeza maradufu: bilioni 16, biti moja pikosekunde 62.5. Katika muda huo ishara ndani ya kebo inasogea milimita 13 hivi. Maana yake ni kwamba kwenye raiza ya sentimita 20, kila waya una biti kama 15 ziko njiani kwa wakati mmoja, zimefuatana kama daladala za asubuhi. Kila kona, kila mahali waya unapokutana na kiunganishi, kila tofauti ndogo ya upana wa shaba inarudisha mwangwi kidogo nyuma, na mwangwi wa biti moja unaikuta biti inayofuata. Jozi zilizo jirani nazo zinavujiana. Na shaba yenyewe inazimeza zaidi ishara za kasi kuliko za polepole, kwa hiyo kingo kali za biti zinafika zimeviringika kama sabuni iliyotumika.

Sasa turudi kwenye uzito, maana huo haukusubiri. Mwaka 2003 NVIDIA ilitoa GeForce FX 5800 Ultra, kadi iliyochukua nafasi ya sloti mbili kwa sababu ya mashine yake ya kupoozea, na feni yenye kelele ambayo watu waliifananisha na kifyonza vumbi. Ilichekwa sana. Lakini cheko halikuzuia kitu: kadi za sloti mbili zikawa kawaida, na mwezi Septemba 2020 RTX 3090 ikaja na unene wa sloti tatu, urefu wa sentimita 31, wati 350, na uzito wa kilo 2 na zaidi. Shika mfuko wa sukari wa kilo mbili kwa mkono ulionyooka mbele yako, dakika tano tu, halafu jiulize sloti ya plastiki ya sentimita 9 inajisikiaje ikikaa hivyo miaka. Kadi ikaanza kuinama ncha, kwa macho kabisa. Mafundi wanaorekebisha kadi wameonyesha mara nyingi nyufa kwenye ubao karibu na kona ya kiunganishi, pale mzigo wote unapokaa. Ufa mwembamba kama unywele ukikata njia moja ndani ya ubao, kadi imekwisha, au fundi atahangaika nayo kwa hadubini siku nzima.

Walikuwepo waliotafuta njia ya kukwepa hili bila kebo yoyote. Mwishoni mwa muongo wa 2000 SilverStone ilitengeneza sanduku la Raven ambamo ubao mama mzima umegeuzwa nyuzi 90, viunganishi vikatazama juu, kadi zikaning'inia wima. Kwangu mimi hilo ndilo jibu safi kuliko yote: uzito umeondoka kwenye ubavu wa sloti na hakuna waya ulioongezwa. Lakini soko halikulifuata kwa wingi, na sanduku lenye nyaya zote za skrini zinazotokea juu lina usumbufu wake.

Walioifanya raiza ya kebo kuwa bidhaa ya kila duka walikuwa wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Kuanzia miaka ya 2010 watu walitaka kadi sita au nane kwenye ubao mama mmoja, na kadi nene hazikai jirani, zinachomana. Basi zikapangwa juu ya fremu za mbao au chuma, kila moja na raiza yake. Kwa kuwa hesabu za uchimbaji zinahitaji data kidogo sana kupita kati ya kadi na prosesa, njia moja badala ya 16 ilitosha. Na hapa pana werevu ninaoupenda: njia moja ya PCI Express inataka jozi ya kutuma, jozi ya kupokea na jozi ya saa ya kuratibu. Jozi tatu. Kebo ya USB 3.0 ina jozi tatu, na inauzwa kila kona kwa bei ya kutupa. Wakachukua kebo hiyo, wakapitisha ndani yake ishara ambazo si za USB kabisa. Ukiichomeka kwenye simu, haina maana yoyote.

Werevu huo ulikuwa na upande wa pili. Sloti ya PCI Express inaruhusiwa kuipa kadi hadi wati 75, na kebo ya USB haiwezi kubeba mzigo huo, kwa hiyo umeme ulipaswa kuletwa kwenye raiza kwa waya mwingine. Raiza nyingi za bei rahisi zilitumia kiunganishi cha umeme cha SATA, kilichobuniwa kwa ajili ya diski, ambacho kwenye volti 12 kinahimili wati 54 tu. Si kila kadi huchota umeme mwingi kupitia sloti, ndiyo maana wengi walipona. Wengine waliamka wakakuta plastiki imeyeyuka.

Upande wa majumbani, katikati ya muongo wa 2010, mambo mawili yalikutana. Kwanza walikuwepo wapenzi wa kompyuta ndogo. DAN A4-SFX, sanduku la lita 7.2 tu, liliweza kuwa dogo hivyo kwa sababu kadi iliwekwa nyuma ya ubao mama, mgongo kwa mgongo, na raiza ikapinda kuziunganisha. Bila kebo nzuri sanduku kama hilo haliwezekani. Pili walikuwepo wanaopenda kuonyesha. Mwaka 2015 Thermaltake ilitoa Core P5, fremu iliyo wazi unayoweza kuitundika ukutani kama picha, kadi ikitazama mbele. Baada ya hapo vioo vikaenea, na masanduku ya kawaida kama Fractal Define R6 ya mwaka 2017 yakaja na nafasi mbili za kadi ya kusimama, kebo ukinunua mwenyewe.

Kebo zenyewe zilikuwa zimekua. Za mwanzo zilikuwa nyaya bapa tupu, na watu walizifunga karatasi ya alumini ya jikoni na utepe ili zisivujiane. Baadaye zikaja zile ambazo kila jozi imevikwa ngao yake ya chuma, kama zilizotengenezwa na 3M, nyembamba na za kupinda, bei yake si ya mchezo. Kwa kizazi cha tatu zilifanya kazi vizuri kiasi kwamba watu wakasahau kuwa kuna fizikia yoyote hapo.

Wakakumbushwa. Julai 2019 AMD ilileta prosesa za Ryzen 3000 na kadi za Radeon RX 5700, zote za kizazi cha nne. Mwaka uliofuata NVIDIA nayo ikafuata. Watu wakachomeka kadi mpya kwenye raiza za zamani na skrini ikabaki nyeusi. Au inawaka, unaanza gemu, inazima. Wengi walidhani kadi ni mbovu, na nina hakika zipo zilizorudishwa dukani bila kosa lolote. Shida ni hii: kompyuta ikiwaka, prosesa na kadi zinaulizana kasi ya kila mmoja. Prosesa inasema kizazi cha nne, kadi inasema kizazi cha nne, wamekubaliana. Kebo iliyo katikati haina chipu, haina mdomo, hakuna anayeiuliza. Wakati mwingine wale wawili wanagundua makosa na kujishusha wenyewe. Mara nyingi mfumo unaanguka kwanza. Dawa ni rahisi ukiijua: chomeka kadi moja kwa moja kwenye ubao mama, au tumia tundu la skrini la ubao mama kama prosesa yako ina grafiki ya ndani, ingia kwenye BIOS, ishushe sloti iwe kizazi cha tatu, kisha rudisha raiza. Kwenye gemu nyingi tofauti ya kasi utaitafuta kwa tochi.

Umeme nao ulidai haki yake, na safari hii haikuwa kwa wachimbaji. Mwaka 2020 NZXT ilitoa H1, sanduku dogo zuri lenye raiza ndani iliyofungwa kwa skrubu. Kwenye ubao wa raiza hiyo, tabaka la volti 12 lilipita karibu mno na tundu la skrubu. Skrubu ya chuma ingeweza kuligusa na kulipeleka moja kwa moja kwenye mwili wa sanduku. Kampuni ilianza kwa kutuma skrubu za nailoni, lakini tatizo lilikuwa kwenye ubao wenyewe: mwenye sanduku siku yoyote angeweza kurudishia skrubu ya chuma bila kujua. Februari 2021 sanduku likaitwa lirudishwe rasmi kwa hatari ya moto, kama masanduku 32,000 nchini Marekani pekee, na raiza ikabuniwa upya. Ukitazama kwa jicho la historia, ni kebo iliyotungwa kuhamisha uzito na ishara, ikasahauliwa kwamba inahamisha pia ampea kadhaa.

Kisha kuna joto, jambo ambalo picha za mtandaoni haziwezi kukuonyesha. Kwenye masanduku mengi nafasi ya kusimamisha kadi iko karibu na kioo. Kadi ya sloti mbili inapumua. Ya sloti tatu imebandika pua kwenye dirisha. Kama kati ya feni na kioo huwezi kupitisha vidole viwili, mimi ningeilaza tu nikaiwekea kigingi cha kuishikilia ncha. Kadi nyingi nzito siku hizi zinakuja na kigingi hicho ndani ya boksi, na ukikiangalia vizuri ni kilekile kishikizo cha mbele cha mwaka 1981, kimerudi kwa jina jingine.

Wakati raiza za kizazi cha nne ndiyo kwanza zimekuwa za kuaminika, Januari 2025 NVIDIA ilitangaza RTX 5090, kadi ya kizazi cha tano: biti bilioni 32 kwa sekunde kwa kila njia, wati 575. Toleo la kampuni yenyewe ni jembamba, sloti mbili tu, kwa sababu ubao mkuu umebanwa katikati ili upepo wa feni upite moja kwa moja pande zote mbili. Kuubana hivyo kulilazimu ubao ukatwe vipande. Kile kipande kinachochomekwa kwenye sloti ni ubao mdogo wa peke yake, umetengwa na ubao wenye chipu, na ishara zote zinavuka kutoka mmoja kwenda mwingine ndani ya kadi. Ukiiweka kadi hiyo juu ya raiza mbele ya kioo chako, biti zako zitakuwa zinapita raiza mbili.